Je, Kuonyesha Ni Kusifu?

Ukiingia katika sebule ya jamaa ye yote ya Kikristo, macho yako hupokewa kwanza na picha za ukutani. Ipo picha ya arusi ya baba na mama, nayo imekwisha anza kufifia. Ipo ya mtoto wa kwanza siku ya Komunyo yake ya kwanza, amevaa nguo nyeupe na kushika mshumaa. Ipo ya babu aliyekwisha kufa, na ya binti aliyehitimu chuo juzi. Hakuna aliyeandika maneno chini ya picha hizo, lakini kila mgeni huelewa neno linalosemwa nazo: hawa ndio wetu.

Sasa, fikiri kwamba siku moja mgeni yule yule arudi, aone ukutani alama ya mraba mahali ambapo rangi haikufifia, na juu yake msumari mtupu. Picha moja imeondolewa. Hakuna anayeuliza. Chai huletwa, mazungumzo huendelea, na kila mtu hujitahidi asitazame upande ule. Picha imekwenda zake, lakini msumari wasema mengi kuliko ilivyopata kusema picha yenyewe.

Msomaji mpenzi, twaleta mfano huu kwa sababu leo twataka kusema juu ya jambo ambalo kwetu hutajwa kwa kunong'ona au kwa matusi, na mara chache sana kwa sauti ya kawaida. Katika miaka ya karibuni wasanii wa Afrika, yaani watengeneza filamu, wapiga picha na waandishi, wameanza kuonyesha waziwazi maisha ya wanaume wanaopenda wanaume na ya wanawake wanaopenda wanawake. Serikali nyingine zimezipiga marufuku kazi zao. Watu wengine wamezishangilia. Walio wengi wamenyamaza. Swali letu la leo si la sheria, wala si la ufundi wa sanaa. Ni swali la maadili, nalo ni hili: je, kumwonyesha mtu ni kumsifu? Na kama si kumsifu, basi ni kumfanyia nini?

Tuanze na kisa cha Nairobi. Mwaka 2018 mtengeneza filamu wa Kenya, Wanuri Kahiu, alimaliza filamu aliyoiita "Rafiki". Aliitoa katika hadithi fupi ya mwandishi wa Uganda, Monica Arac de Nyeko, ambayo ilipata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Yasimulia habari za wasichana wawili wa mtaa mmoja, Kena na Ziki, ambao baba zao washindana katika uchaguzi, nao wenyewe wapendana. Majirani wakagundua, wasichana wakapigwa, wazazi wakaaibika, wawili wale wakatenganishwa. Mwisho kabisa filamu yaacha mlango wazi kidogo, hata mtazamaji aweza kutumaini kwamba wataonana tena.

Jina lenyewe lina habari yake. Kahiu alieleza kwamba mtu wa namna hii, akitaka kumjulisha mwenzake mbele za watu, hana neno jingine la kutumia ila hilo moja: huyu ni rafiki yangu. Neno zuri la lugha yetu limegeuka kuwa pazia. Nasi Waswahili tusishangae sana, maana hata neno "shoga", ambalo leo vijana hulitupa barabarani kama jiwe, wanawake wa pwani wamelitumia tangu zamani kwa kumwita mwenzi wa siri zao, na hakuna aliyeona aibu.

Mwezi wa Aprili 2018 Bodi ya Kenya ya kukagua filamu iliipiga marufuku "Rafiki", ikisema kwamba nia yake ni kueneza mapenzi ya wanawake kwa wanawake kinyume cha sheria. Mwezi uliofuata filamu ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa, nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika maonyesho yale. Mwezi wa Septemba jaji wa Mahakama Kuu ya Nairobi aliisimamisha marufuku kwa siku 7, ili filamu ipate kutimiza masharti ya kushindania tuzo ya Oscar. Akaamuru itazamwe na watu wazima wanaotaka wenyewe, si wengine. Majumba ya sinema yalijaa. Siku 7 zilipokwisha marufuku ilirudi, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakubaliana na Bodi.

Katika kisa hiki limo jambo dogo ambalo kwa maoni yetu ni kubwa kuliko yote. Kwa maelezo ya Kahiu mwenyewe, alitakiwa abadili mwisho wa hadithi. Mwisho ule ulikuwa na matumaini mno. Wasichana wale hawakuonekana kujuta kiasi cha kutosha. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba kosa halikuwa kuwaonyesha. Kama wangalionyeshwa wakifa, au wakiishi kwa kulia siku zote, labda neno lisingalikuwa zito hivyo. Kosa lilikuwa kuwaonyesha kisha kuwaachia tumaini.

Basi yatupasa tupime: je, tumaini ni sifa?

Tazama kwanza jinsi kitu kinavyosifiwa kweli. Kando ya barabara zetu kuu yapo mabango ya pombe. Katika bango vijana wacheka, meno meupe, chupa inang'aa kwa baridi. Hutaona katika bango lile nyumba ya mlevi saa kumi ya usiku, wala ada ya shule iliyokwisha kunywewa, wala mke aliyejifungia chumbani. Hiyo ndiyo alama ya sifa: huonyesha raha na kuficha gharama. Na mabango yale yasimama mchana kweupe mahali ambapo watoto wapita kwenda shule, na wachache wetu hukasirika. Sasa tazama filamu ile. Ndani yake yamo mapigo, imo aibu ya mama, yamo matusi ya majirani, umo upweke. Gharama yote imewekwa mezani, ikahesabiwa mbele ya mtazamaji. Mtu aweza kuipenda au kuichukia kazi ya namna hiyo, lakini kuiita tangazo ni kutumia neno vibaya.

Kadhalika, tukumbuke hadithi tulizolelewa nazo. Sungura alikataa kuchimba kisima pamoja na wenzake, kisha akaiba maji. Alimdanganya Simba, akamdhihaki Fisi, na mara nyingi hadithi ikaisha yeye akicheka. Abunuwasi naye aliwalaghai matajiri na masultani, akalala usingizi mnono. Je, bibi zetu walikuwa wakitufundisha wizi na ulaghai? Hakuna mtu mwenye akili asemaye hivyo. Walituonyesha hali ya mnyonge mbele ya mwenye nguvu, wakatuachia wenyewe kazi ya kupima. Walijua kwamba mtoto aliyesimuliwa habari za Sungura ataamka asubuhi na kuchota maji kama desturi.

Na katika Injili yenyewe, hadithi ambayo Wakristo wote waijua, ile ya baba na wanawe wawili, huisha kwa karamu. Yupo mtu mmoja tu aliyechukizwa na mwisho ule: kaka mkubwa, aliyesimama nje akakataa kuingia. Hatusemi kwamba wasichana wa Nairobi ni mfano wa yule mwana aliyepotea. Tukisema hivyo tutakuwa tumekwisha wahukumu kabla ya kuwasikiliza. Twasema tu kwamba kukasirishwa na mwisho wenye tumaini si jambo geni, na kwamba katika hadithi ile hasira hiyo haikuhesabiwa kuwa haki. Kumtakia mtu asiangamie si kusifu kila atendalo. Mzazi ye yote aliyewahi kukesha kwa ajili ya mwanawe alijua hivyo kabla hajafundishwa na mtu.

Hapa mzazi atatukatiza aseme: "Hayo ni maneno mazuri ya wasomi. Mimi nina watoto nyumbani." Neno hilo ni la haki, nasi hatulipuuzi. Samaki mkunje angali mbichi. Hadithi hufunza, na mwenye kusema kwamba picha haina nguvu juu ya moyo wa kijana hajapata kulea. Ni wajibu wa baba na mama kuchagua kile ambacho mtoto ataona, na saa ya kukiona, na nani atakaa karibu naye ili kumjibu maswali. Lakini wajibu huo una mpaka wake. Ulinzi wa mlango wangu haunipi ufunguo wa mlango wa jirani. Yule jaji wa Nairobi aliuona mpaka huo aliposema watu wazima wenye kutaka. Jambo lisilofaa kwa mtoto wa miaka 9 laweza kumfaa sana mama yake, hasa ikiwa yule mtoto, atakapofika miaka 19, atamjia mama na neno ambalo mama hajapata kulisikia. Mama asiyepata kuona mtu wa namna ile, hata katika hadithi, atakuwa na neno gani la kumjibu, ila lile alilolisikia barabarani?

Lakini hadithi ni hadithi. Tuwaendee watu wenyewe. Katika Afrika ya Kusini yupo mpiga picha aitwaye Zanele Muholi, aliyezaliwa Umlazi karibu na Durban mwaka 1972. Muholi hapendi kutajwa kwa yale maneno ya Kiingereza yanayotenganisha mwanamume na mwanamke, na kwa sababu hiyo waandishi wa Kiingereza hupata taabu kidogo. Sisi Kiswahili chatupunguzia taabu: "yeye" yetu haiulizi swali hilo. Mwezi wa Agosti 2009 picha zake ziliwekwa katika maonyesho ya wasanii wanawake huko Johannesburg, katika kilima ambacho zamani palikuwa gereza na leo pana Mahakama ya Katiba. Waziri wa Sanaa na Utamaduni wa wakati ule, Lulu Xingwana, alikuja ili ayafungue maonyesho. Akaona, akageuka, akaondoka bila kutoa hotuba. Baadaye alieleza kwamba picha zile zilikuwa kinyume cha maadili na kinyume cha ujenzi wa taifa.

Tusimwonee waziri yule. Miongoni mwa picha alizoziona zilikuwamo za wanawake waliokumbatiana bila nguo, na si lazima mtu awe mkatili ili ageuze macho. Haya nayo ni fadhila, na jamaa zetu zafanya vema kuitunza. Lakini Muholi ana kazi nyingine, ambayo kwa neno letu ndiyo kubwa zaidi. Tangu mwaka 2006 amekuwa akipiga picha za watu wa namna yake, mmoja mmoja, nyeusi na nyeupe, nazo leo ni mamia. Katika picha hizo hakuna tendo lo lote. Hakuna anayemgusa mwenzake. Kila mtu amesimama au ameketi, amevaa nguo alizotaka kuvaa, akitazama mbele moja kwa moja. Chini yake limeandikwa jina lake, na mahali, na mwaka. Basi.

Picha hizi ndizo zinazotutia mtihani, maana hatuwezi tena kujificha nyuma ya haya. Hapa hakuna uchi wa kukwepa, kuna uso. Nani awezaye kusema ni dhambi gani imefanywa na uso? Tukiona kwamba bado twataka kugeuka, hapana budi tujiulize kwa unyofu: tunakimbia tendo, au tunamkimbia mtu?

Picha hizi zinapotundikwa katika safu ndefu, Muholi huacha nafasi tupu hapa na pale. Nyingine ni za wale ambao hawajapigwa picha bado. Nyingine ni za wale ambao hawapo tena. Wa kwanza kabisa kupigwa picha katika kazi hii, mwanamke mshairi, alifariki mwaka uliofuata. Na tukumbuke nchi yenyewe: Afrika ya Kusini ilikataza katika katiba yake ya mwaka 1996 kumbagua mtu kwa sababu hii, ikawa ya kwanza duniani kuandika hivyo katika katiba. Hata hivyo mwezi wa Aprili 2008 Eudy Simelane, aliyepata kuchezea timu ya taifa ya kandanda ya wanawake na aliyejulikana kwamba ni mwenye kupenda wanawake, alinajisiwa akauawa karibu na kwao KwaThema. Karatasi ya katiba haikumkinga. Sheria yaweza kumwadhibu mwuaji. Haiwezi kumfanya jirani aone uso wa mtu pale ambapo amezoea kuona tusi. Kazi hiyo, kama yafanyika kabisa, hufanywa na kitu kingine, na pengine picha ni sehemu yake.

Mtu mwenye busara atauliza: je, kuonyeshwa hakuwatii watu hawa hatarini? Swali zuri. Mwaka 2012 wezi waliingia katika nyumba ya Muholi huko Cape Town wakachukua diski za kompyuta zaidi ya 20, zenye kazi ya miaka mingi, wakaacha vitu vingine vya thamani. Kuonekana kuna bei. Ndiyo maana hatuwezi kusema kwamba kila kuonyesha ni kwema, na hapa sisi watu wa magazeti twapaswa kutazama mikono yetu wenyewe.

Mwezi wa Oktoba 2010 gazeti moja dogo la kila juma, lililotolewa Kampala, lilichapa majina na picha za watu wa Uganda liliosema ni wenye kupenda jinsia yao, na juu ya ukurasa likaandika maneno ya kutaka wanyongwe. Mmoja wa walioonyeshwa alikuwa David Kato, mwalimu na mtetezi wa haki. Yeye na wenzake wawili walilishtaki gazeti, na mwanzo wa Januari 2011 Mahakama Kuu ya Uganda ikaamua kwamba heshima yao na faragha ya nyumba zao zimevunjwa. Tarehe 26 ya mwezi ule ule Kato aliuawa nyumbani kwake katika wilaya ya Mukono. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na polisi walikana kwamba mauaji yale yalihusiana na kazi ya Kato. Kwa hiyo hatusemi kwamba gazeti ndilo lililomwua. Twasema lile tuwezalo kulisema: kwamba wapo watu waliochapa uso wa mtu wakaandika kwamba afe.

Siku ya mazishi mhubiri aliyeshika kipaza sauti alianza kuwashutumu watu wa namna ya marehemu. Vurugu ikazuka. Wanakijiji wakakataa kuzika, na rafiki zake wakalibeba jeneza wenyewe hadi kaburini. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo. Kwetu, hata mwizi huzikwa. Hata adui wa ukoo, siku ile, watu huweka chini ugomvi wakashika majembe. Kumzika mtu si kumsifu. Ni kukubali kwamba alikuwa mtu.

Basi tazama sasa: gazeti la Kampala lilichapa uso na jina, Muholi naye huonyesha uso na jina. Kwa macho kazi ni moja. Kwa maadili zatofautiana kama maziwa na sumu. Mtu wa gazetini hakuulizwa; wa Muholi alikuja mwenyewe, akachagua nguo, akakubali. Mtu wa gazetini alitolewa kwa watu wake akatupwa kwa umati. Wa Muholi amewekwa katika safu pamoja na wenzake. Picha ya kwanza yasema: huyu si wetu, mchukueni. Ya pili yasema neno lile lile la ukuta wa sebule: huyu ni wetu.

Hapo ndipo tunapopata jibu la swali letu. Kuonyesha kwaweza kuwa kusifu, kama bango la pombe. Kwaweza kuwa kusaliti, kama lile gazeti. Lakini iko namna ya tatu, nayo ni kushuhudia: kusema kwamba mtu huyu yupo, ana jina, amezaliwa mahali fulani, nami nimemwona. Ushuhuda hausemi kwamba kila alitendalo ni jema. Wasema tu kwamba hukumu yo yote itakayotolewa juu yake, itolewe juu ya mtu, wala si juu ya kivuli.

Labda msomaji atasema kwamba jambo hili limetoka ng'ambo, pamoja na fedha zake. Neno hilo lina ukweli kidogo, wala tusiufiche. Sehemu kubwa ya fedha za kutengenezea "Rafiki" ilitoka nje ya Kenya, na picha za Muholi zimetundikwa London katika majumba makubwa ambayo wengi wa watu wa Umlazi hawatayaingia. Ni hatari ya kweli kwamba msanii wa Afrika aweza kuanza kumpendeza mtazamaji wa mbali kuliko kusema na watu wake. Lakini tuseme na neno la pili. Hadithi ile iliandikwa na mwanamke wa Uganda, filamu ikatengenezwa na mwanamke wa Kenya, na nyuso zile ni za watu wa vitongoji vya Afrika ya Kusini. Kama ukuta wa nyumbani umekataa picha, na ukuta wa mbali umekubali, si haki kuilaumu picha kwamba yakaa ugenini. Mtoto aliyefukuzwa usiku akifunguliwa mlango na jirani, asubuhi baba hana neno la kumwambia jirani yule.

Na mwenye kushika sana mafundisho ya Kanisa atauliza tumeyaweka wapi. Hatukuyaweka kando. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, ambayo haikubali matendo ya namna hii, yasema papo hapo kwamba watu hawa wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa upole, na kwamba uepukwe kila ubaguzi usio wa haki juu yao. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko alisema mwezi wa Januari 2023 kwamba kuwa mtu wa namna hii si kosa la jinai. Mkristo aweza basi kuwa na neno lake juu ya filamu, na juu ya tendo, na juu ya sheria. Lakini lile agizo la heshima ataliondoaje? Na heshima ataitoaje kwa mtu ambaye hakubali hata kumtazama? Huruma bila macho ni neno la mdomoni tu.

Tumalizie kwa mwandishi mmoja wa Kenya. Binyavanga Wainaina, mzaliwa wa Nakuru, alikuwa amekwisha kupata sifa kubwa kwa vitabu na makala zake. Mwezi wa Januari 2014, siku za kutimiza kwake miaka 43, alitoa makala fupi ambamo alijitangaza kwamba yeye ni mtu mwenye kupenda wanaume. Dunia ilisoma, wengine wakampongeza, wengine wakamlaani. Lakini wengi hawakuangalia makala ile imeandikwa kwa nani. Haikuandikwa kwa serikali, wala kwa wazungu, wala kwa vijana wapate kushawishika. Imeandikwa kwa mama yake. Mama yule alikuwa amefariki mwaka 2000, naye mwana alikuwa Afrika ya Kusini, hakuwahi kufika. Katika makala alijiwaza yupo kando ya kitanda siku ya mwisho, amemshika mama mkono, amwambia lile neno. Kisha akakiri kwamba haikuwa hivyo; hakuwapo, wala hakupata kulisema. Wainaina naye alifariki mwezi wa Mei 2019, akiwa na miaka 48.

Hatujui mama yule angalijibu nini, wala mwanawe hakujua. Huo ndio msiba wa makala ile, na ndio msiba wa nyumba nyingi. Mabishano yetu ya bodi na mahakama na maonyesho yataendelea, na watu wema watakuwa pande zote mbili. Lakini mtu huyu hatusubiri tumkate shauri. Yuko mezani, anakula nasi. Ni mwana wa mtu, dada wa mtu, mjomba ambaye hakuoa na ambaye watoto wampenda. Anatazama jinsi tunavyoitazama filamu, na jinsi tunavyocheka neno fulani likitajwa redioni, naye anapima kama aweza kusema au anyamaze mpaka mmoja wetu afe.

Baba na mama, hatuwaambii mfikiri nini juu ya kazi za wasanii hawa. Mna dhamiri, nanyi mtaijibu. Twawaomba jambo moja tu. Jioni ya leo, mkisha kula, tazameni ukuta wa sebule yenu. Mkiona msumari mtupu, ulizaneni picha yake iko wapi: katika sanduku gani, chini ya nguo zipi. Na kama bado ipo, irudisheni mahali pake, mwenyewe angali hai wa kuiona.